Mama Si Kondoo

Mbwa wetu alikuja kwetu kwa sababu kondoo waliuzwa. Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, na kazi ilikuwa imempeleka kwenye shamba moja nje ya Naro Moru ambako mwenye shamba alikuwa ameamua kuachana na kondoo na kulima ngano. Kondoo walipakiwa kwenye lori wakaenda. Mbwa akabaki zizini peke yake, akizunguka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mwenye shamba akamwuliza mume wangu kama nyumbani kwake kuna mtoto, na kama mtoto huyo anapenda mbwa. Jioni ile pikapu ilipoingia kwenye ploti tuliyopanga mjini Nyeri, binti yetu aliufungua mlango wa gari kabla injini haijazimwa.

"Ni mbwa mtulivu," mume wangu akaniambia. "Njia nzima hajabweka."

Ni kweli hakubweka. Ni wa ile aina ya mbwa weusi wenye kifua cheupe, wembamba, wenye macho yasiyopepesa, ambao damu yao yote ni ya kuchunga kondoo. Kubweka si kazi yao. Kazi yao ni kukimbia na kukusanya. Asubuhi iliyofuata jirani yetu mfuga kuku aligonga mlango.

"Mwalimu, hii mbwa yako imefungia kuku zangu hapo kwa kona ya tangi. Haizikuli. Inaziangalia tu. Sasa zitataga namna gani zikiangaliwa hivyo?"

Nilitoka nikaona. Kuku walikuwa wamesongamana, jogoo akiwa katikati yao, kimya kama watu walio kanisani. Mbwa alikuwa amelala mbele yao, kidevu chini, akisubiri mtu amwambie awapeleke wapi.

Baada ya kuku ikawa zamu ya watoto. Walipocheza uwanjani aliwazunguka mpaka wote wakajikuta chini ya kamba ya nguo, na yule mdogo aliyejaribu kutoka alisukumwa kwa pua kwenye muundi wa mguu mpaka akarudi. Wazazi wengine walicheka, wengine hawakucheka. Ndani ya nyumba alitafuna gambuti zetu za mvua, mguu wa meza, na kona ya godoro. Watu wakanishauri nimfunge mnyororo mchana kama mbwa wa kila mtu. Tukamfunga kwenye mti wa uani. Alizunguka mti ule mpaka nyasi zikaisha na udongo ukabaki na duara, nasi hatukuweza kuendelea kumtazama.

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja alimwangalia kwa muda, halafu akasema, "Huyu si mkorofi. Ameachishwa kazi tu. Mtafutieni kazi nyingine, la sivyo atajitafutia mwenyewe."

Basi nikawa naamka mapema na kwenda naye mpaka ukingoni mwa msitu kabla ya kwenda shuleni, mimi ambaye sikuwahi kukimbia tena tangu chuo cha ualimu. Mume wangu alimfichia mpira kwenye magunia, chini ya ndoo, juu ya ukuta. Binti alimfundisha kuleta slipa za baba, na siku ambazo slipa hazikuonekana mbwa alileta chochote alichokipata, hata sufuria. Gambuti zikapumzika. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakufundishwa na mtu. Jioni hakulala mpaka sote tuwe ndani. Mume wangu akichelewa, mbwa alisimama mlangoni, akitazama njia, kisha akitutazama sisi.

"Anatuhesabu," binti akasema.

Wakati huo mama yangu aliishi peke yake Wamagana, kwenye shamba letu la majani chai. Kwa simu alikuwa sawa. Lakini jirani yake alinipigia akaniambia kwamba mama ameweka githeri ya mahindi na maharagwe motoni bila maji, na kwamba wiki ile amekuja kwake akitafuta ng'ombe ambaye alikufa zamani. Tulizungumza, mimi na mume wangu, na mazungumzo hayakuwa marefu. Tulihama mjini tukaenda kukaa naye. Mimi nikapata uhamisho wa shule, mume wangu akasema pampu huharibika kila mahali.

Mama hakumpokea mbwa vizuri. Kwake mbwa ni wa kulinda boma, hulala nje na hula mabaki.

"Huyu habweki," akasema. "Sasa mwizi akija atafanya nini? Atamwangalia?"

Hata hivyo mbwa alimfuata kila mahali. Mama akienda kwenye mihindi, naye yuko. Akienda chooni, anamsubiri nje. Mama akamkemea, akamrushia kigunzi, kisha akachoka kumkemea. Nikaanza kumsikia akizungumza naye, si kwa mapenzi, bali jinsi mtu anavyozungumza na mfanyakazi aliyeletwa bila yeye kuulizwa.

Jumamosi moja nilienda Karatina kununua mbegu za viazi. Nilimwacha mama na binti yangu, na binti alipoingia kuosha vyombo, mama akatoka. Niliporudi nilimkuta mtoto langoni analia. Nyanya hayuko, mbwa hayuko. Nilitupa gunia langu hapohapo nikashika njia ya chini, inayokwenda mtoni, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoiogopa. Kisha nikasikia sauti ya mama nyuma yangu, njia ya juu, inagomba.

Alikuwa anakuja nyumbani, kikapu cha kuchumia majani kikiwa mgongoni, kitupu. Mbwa alikuwa nyuma yake, tumbo karibu liguse vumbi, akienda kushoto, akienda kulia. Mama alipogeuka kutaka kurudi alikotoka, mbwa aliwahi mbele yake akalala barabarani akamkazia macho. Mama akasimama, akamtukana, akageuka tena kuelekea nyumbani. Hivyo ndivyo walivyokuja, hatua kwa hatua, mpaka langoni.

"Mwambie mbwa wako mimi si kondoo," mama akaniambia. "Nilikuwa napeleka majani kituoni kupimwa, na yeye ananizuia. Karani atafunga mizani."

Nilimvua kikapu. Nilicheka, halafu nikaliokota gunia langu.

Jioni ile mume wangu alisema Mungu ametupa mchungaji bila sisi kumwomba. Nami nilimkubalia. Kwa miezi kadhaa tulikaa kwa amani. Nilikuwa darasani bila kuangalia simu kila wakati, kwa sababu nilijua mama hawezi kupita lango. Nilimwonea fahari mbwa. Watu kanisani walinisimamisha kuniuliza habari zake.

Likizo ya Agosti ilipofika nikawa nyumbani mchana, na ndipo nilipoona kile ambacho wengine hawakukiona. Nilikuwa jikoni namenya viazi. Kupitia dirishani nilimwona mama akiinuka kitini, akijifunga leso, akitwaa kikapu chake na kwenda langoni taratibu. Mbwa alikuwa amekwisha kufika, amelala mbele ya lango, macho kwake. Mama akasimama. Hakugomba. Aligeuka akarudi kitini, akakaa na kikapu mapajani. Baada ya muda akainuka tena, akafanya vilevile, na akarudi vilevile.

Nikatoka nikakaa naye. Nikamwuliza anataka kwenda wapi.

"Hata wafungwa hutolewa nje wakaote jua," akasema. Alisema kwa upole, kama anayenieleza jambo ambalo huenda sikulijua.

Mama yangu alichuma majani chai tangu akiwa msichana. Karo yangu ilitoka kwenye kikapu kile. Kila alasiri ya maisha yake alitembea kwenda kituoni, akasimama kwenye foleni, akasikia habari za watu. Mengi yalikuwa yamemtoka kichwani, lakini miguu ilikuwa bado inaijua saa ile. Sisi tulikuwa tumempa usalama, na mbwa alikuwa ameutekeleza kwa uaminifu wote aliokuwa nao. Yeye hakuwa na kosa. Yeye anajua kondoo anayetoka kundini arudishwe. Hajui kwamba kuna kiumbe anayeweza kutoka kundini kwa sababu ana mahali pa kwenda.

Basi tukaanza kumfundisha mbwa upya. Kumfundisha kuleta slipa kulikuwa mchezo. Kumfundisha asimrudishe mtu kulikuwa kama kuuomba mwili wake ukatae pumzi. Mimi nilitangulia na mama, binti akamshika mbwa kwa kamba, mfukoni vipande vya maini. "Nyuma," tukamwambia. Akitembea nyuma bila kupita mbele, anapewa kipande. Akikimbilia mbele, tunasimama wote, barabarani, mvua au jua. Mara nyingi alilia kwa sauti nyembamba ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Binti alilia pia siku moja, akaniuliza kama tunamtesa. Nikamwambia sijui. Lakini Agosti ilipokwisha, mbwa alikuwa anatembea nyuma ya mama, kichwa karibu na kisigino chake, na akitetemeka kidogo tu kwenye kona.

Tangu hapo, alasiri baada ya shule, binti hutangulia shambani na nyanya yake, wachume pamoja, majani mawili na chipukizi, mpaka chini ya kikapu pafunikwe. Kisha tunaenda. Kituoni wanamjua. Karani humwuliza, "Umeleta, Mama?" naye humjibu, "Leo ni kidogo, jua limezidi," hata kama kuna ukungu. Anakaa kwenye benchi na wanawake wa umri wake. Wanazungumza juu ya watu ambao wengine wao wamekufa, na hakuna anayemsahihisha. Mbwa hulala chini ya benchi, macho wazi, akiwahesabu wote.

Sasa hatufiki kituoni tena kila siku. Goti la mama limekataa, na mara nyingi tunaishia kwenye daraja dogo, tunapumzika kwenye ukuta wake, tunarudi. Wiki iliyopita tulikuwa pale wawili, mvua imenyesha, barabara imejaa matope mekundu. Mama alinigeukia.

"Wewe ni wa nani?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni wake, ni kifungua mimba wake.

Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, jinsi mtu anavyompokea mgeni bila kutaka kumwaibisha. "Na mbwa je?"

"Ni wako pia."

Alinyoosha mkono, na mbwa akaweka kidevu chake juu ya kiganja kile kilichokakamaa, akatulia.

"Ni mbwa mzuri," mama akasema. "Tatizo lake ni moja tu, hutembea polepole mno."

Nikamshika kiwiko tukainuka, tukaanza kupanda kilima, yeye akiniambia nisiende haraka, tusije tukamwacha mbwa nyuma.