Tumbawe Lililokataa Gundi

Ukiwa na kiatu kilichokufa na unataka kifufuke, ulimpelekea Gundi. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika, hata yeye mwenyewe likiitwa alikuwa hageuki. Alikuwa fundi viatu, na mdomo wake haukuwa na breki. "Nikibandika mimi, hata mahakama haitenganishi." Na si uongo, zipo soli zake zilizodumu kuliko ndoa za waliozivaa.

Sasa bingwa huyo alikuwa kapiga magoti sebuleni, mkono umezama hadi kwapani ndani ya tangi la kioo la maji ya chumvi, anahenyeshwa na kipande cha tumbawe kisichozidi kidole gumba.

Lilikuwa tumbawe laini, lile lenye mwili kama ngozi na vidole vinavyopepea majini. Marehemu mke wake alikuwa akifagia kwa daktari wa meno na kuosha tangi la pale wagonjwa wanaposubiri. Daktari alipofunga kliniki, tangi likaja nyumbani kwa mkokoteni, tumbawe likiwa ndani. Mkewe akalilea tumbawe miaka kumi na moja, likawa kubwa kama sahani. Juzi juzi jiwe likaliangukia, likaanza kuoza, na Gundi akawahi kukata kipande kimoja tu kizima. Kisiposhika, hakuna kingine. Mkono wa mkewe ndani ya nyumba ile ungebaki kwenye picha ya ukutani, basi.

Mara ya kwanza alipaka gundi kali, akakandamiza kama soli, akahesabu hadi mia. Asubuhi kipande kinazunguka tangini, gundi imeachwa jiweni kama kamasi kavu. Mara ya pili akaongeza gundi. Mara ya tatu akafunga kwa uzi wa viatu, akakaza kifundi hasa, na uzi ukaanza kukata nyama.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa kwenye kochi anamenya chungwa.

"Shemeji, leo umepata mteja asiyevaa viatu."

"Nyamaza wewe. Gundi ni gundi."

"Ni gundi, lakini huyo anatoa ute. Kabandike soli kwenye bamia tuone."

Gundi alicheka. Sauti ile ilikuwa ya dada mtu kabisa. Akakumbuka jioni za kurudi kutoka kibandani ananuka gundi, anamkuta mkewe kakunja mikono ya gauni, na bakuli la mboga halionekani.

"Bakuli liko wapi?"

"Limelazwa hospitali."

Bakuli liko chini tangini, lina kipande cha tumbawe ndani, limefunikwa wavu wa vitunguu. Kila mara Gundi alijitolea kubandika, na kila mara mkewe alimjibu lile lile: "Huyu hafungwi, baba. Anakalishwa, halafu anashika mwenyewe. Kama nilivyokukalisha wewe."

Miaka kumi na moja alicheka tu, hakuwahi kuinama akatazama.

"Shemeji, wavu wa vitunguu upo?"

"Wa nini tena?"

"Nampeleka wodini."

Akamwaga vipande vya kombe la chaza kwenye bakuli, akakilaza kipande mguu chini, akafunika wavu bila kuubana, akauzungushia mpira ukingoni. Bakuli akaliweka pembeni, mbali na pampu, maji yasije yakakibeba. Ikabaki kazi ngumu kuliko zote, kutokugusa. Fundi yule asiyegusa ni sawa na kuku asiyepekua.

Siku ya tano kipande kikajifunika utando kama nta. Gundi akadhani kimekufa, akatia mkono akitoe.

"Acha," shemeji akasema. "Dada alikuwa anasema linavua shati."

Akaacha, roho juu juu.

Siku ya kumi na mbili akatoa wavu, akainua kipande, na kombe likaja nacho. Akakitikisa. Hakikuachia. Kombe halina ute, kwa hiyo akalifuta chini, akatia gundi, akalibandika jiweni, na safari hii ikashika. Kufika alasiri, vidole vimefunguka vyote.

"Umeona kazi yangu?"

"Kazi gani? Kashika mwenyewe. Wewe umebandika kombe."

Gundi hakubisha, jambo ambalo majirani hawajaliamini mpaka kesho. Alikuwa anasuuza bakuli. Shemeji akachungulia kutoka jikoni, kashika kisu na mboga.

"Bakuli liko wapi?"

Gundi akalitazama mikononi mwake kidogo.

"Limeruhusiwa," akasema, akampelekea.