Mama Mita na Friza ya Bibi

Saa mbili asubuhi, msichana wa darasa la tano anakanyaga pedali za baiskeli isiyo na tairi la nyuma. Ukanda unazungusha dinamo, na dinamo inawasha balbu moja ya zamani, ile inayopata moto hadi haishikiki. Jasho linamtoka.

"Haya, tuongeze ya pili," anasema mwalimu wake. Balbu zote mbili zinafifia, na darasa linaangua kicheko.

Mwalimu huyu wanamwita Mama Mita. Kabla idara ya umeme haijamtuma mashuleni, alikuwa msoma mita wa nyumba kwa nyumba, akikimbizwa na mbwa na kugombezwa na wenye mbwa.

"Mtu ananifokea kuhusu bili, na taa ya uani inawaka saa sita mchana," anasema. "Nikaona bora nianze na watoto."

Leo hana raha. Nyuma ya darasa wameketi mwalimu mkuu na bibi mmoja muuza maziwa, aliyekunja mikono kifuani. Bibi akiondoka na hasira zake, masomo haya hayataendelea katika shule hii. Mwalimu mkuu ameshasema hivyo.

Kisa ni friza. Mwezi uliopita Mama Mita aliwaambia watoto wazime kila kitu kisichotumika. Mjukuu wa bibi alifika nyumbani, akakuta friza inanguruma na hakuna mtu karibu, akachomoa plagi. Kesho yake maziwa yote ya kuuza yalikuwa yameharibika. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Safari hii alikuwa mjukuu kweli.

Mama Mita alikwenda kuomba radhi, wala hakujitetea. "Nilifundisha kuzima, sikufundisha kuuliza," anasema. Alimsihi bibi aje asikilize kwanza, ndipo aamue.

Sasa watoto kumi wanapangwa mstari, wawe umeme wa jimbo lao, kila mmoja fungu moja la kumi. Sita ni maji ya bwawa. Watatu ni mafuta, yanayonunuliwa mbali na kuacha moshi. Mmoja ni jua na upepo. Huyo ni yule yule mjukuu, na anasimama pembeni, kichwa chini.

Bibi anauliza kama baiskeli ile ingeweza kuendesha friza yake. Mama Mita anamjibu kwamba darasa zima lingepokezana usiku na mchana, bila likizo. Bibi anaguna.

"Na huyu wangu, mbona mmemwacha peke yake?"

"Ndivyo hali ilivyo, mama. Natamani kabla sijastaafu awe na wenzake watatu, wanne hivi."

Anataka kuanzia hapa hapa, kwa paneli za jua juu ya paa la darasa hili, wazazi wakikubali.

Bibi anainuka taratibu, anapita katikati ya madawati, anamshika mjukuu wake mkono na kusimama naye.

"Haya, tumekuwa wawili," anasema. "Fundisha, mwanangu. Ila friza yangu iacheni."