Beseni la Fukusi

Mtaani walimwita Mama Fukusi, naye aliitika bila kinyongo. Kazi yake ilikuwa kufuga fukusi, wale wadudu wadogo wenye pua ndefu, katika matangi ya saruji nyuma ya ofisi ya maji. Waliletwa kutoka ng'ambo kwa sababu hawali kitu kingine ila magugu maji, na magugu maji yalikuwa yamelifunika bwawa gubigubi.

Magugu hayo ndiyo yaliyomchukua mumewe, fundi wa pampu. Aliingia majini kuzibua mdomo wa bomba, zulia lile la kijani likajifunga juu yake. Wapiga mbizi hawakuona hata vidole vyao kwa giza, wakarudi mikono mitupu. Mjane akaomba kazi ya matangi hata machozi hayajakauka. Alitaka jambo moja tu: bwawa lifunguke, mumewe apatikane, azikwe kama watu.

Lakini kazi ile ina ukatili wake. Fukusi hawaishi bila magugu, kwa hiyo kila asubuhi ilimbidi ayatilie mbolea, ayatoe majani makavu, ayabembeleze kama mtoto mgonjwa. Siku nyingine aliyatukana huku akiyalisha. Nani angemlaumu?

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi mkali na macho yaliyoanza kufifia. Kila jioni swali lake lilikuwa lile lile.

"Hao wadudu wako wanakula, au wanatalii tu?"

"Wanakula, mama. Polepole."

"Waambie wasinicheleweshe. Mimi siku zangu za kuhesabu."

Wakati wa kuwaachia fukusi bwawani ulipokaribia, mafuta ya jenereta yalivuja yakaingia matangini. Mama Fukusi akaokoa wadudu waliosalia, akawabeba nyumbani ndani ya beseni pamoja na magugu yao, akaliweka uani kivulini, kisha akakimbia kwenda kusafisha matangi. Bibi alikuwa amelala, hakumwamsha kumwambia.

Aliporudi alimkuta bibi ameketi kwenye kigoda, birika tupu miguuni, gauni limelowa, uso unang'aa kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Nimeyaua!" bibi alisema. "Yamethubutu kunifuata mpaka nyumbani kwangu! Nimeyamwagia maji ya moto mpaka kwenye mizizi."

Beseni lilikuwa bado linafuka mvuke. Majani yamelegea, na katikati yake fukusi wanaelea, hakuna hata mmoja aliyetikisa mguu. Kuagiza wengine na kuwazalisha kungekula msimu mzima, labda miwili. Mama Fukusi akautazama uso wa bibi, bado unang'aa. Akaliokota birika.

"Umefanya vizuri, mama. Yalistahili."

"Si nimemsaidia mwanangu?"

"Umemsaidia sana."

Bibi alifariki kabla fukusi wapya hawajaachiwa. Walipoachiwa walikula kwa mwendo wao ule ule, magugu yakageuka kahawia, yakazama. Siku maji yalipofunguka karibu na bomba, wapiga mbizi walimpandisha fundi, mifupa ndani ya ovaroli ya kazi. Mkewe akamzika ubavuni mwa mama yake.

Watu walipoondoka, alichuchumaa kati ya makaburi mawili.

"Mama, ametoka," alisema. "Tusamehe, tumechelewa."

Kilichowachelewesha hakumwambia, hata pale.