Pikapu Ipande, Mama Asibaki

Mtaani walimwita Mama Vioo, na hata mumewe siku hizi alikuwa akijisahau akamwita hivyo mbele ya wageni. Kazi ya kukata vioo alifundishwa na mjomba wake alipomaliza shule, wakati hajui ashike lipi aache lipi. Alijikata vidole, akalia, akafunga kitambaa, akarudi mezani. Mkono ulipotulia, mjomba akaanza kumwachia kazi za wateja wagumu. Sasa alikuwa na duka lake mwenyewe la vyumba viwili. Mbele palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa zulia kuukuu, vioo vimeegemezwa ukutani kama watu waliochoka kupanga foleni. Nyuma palijaa fremu za alumini, mirija ya silikoni na pipa la vipande vilivyoharibika. Na nje, chini ya bati, ilikaa pikapu.

Ilikuwa ya kijivu, ya milango miwili, yenye kiti kimoja kirefu mbele. Nyuma alikuwa amejenga rafu ya mbao iliyovikwa mablanketi, ya kusimamishia vioo. Pikapu hiyo haikujua siku ya kupumzika. Asubuhi ilimpeleka mumewe hospitali, alikokuwa mpishi. Mchana ilizunguka na madirisha ya watu. Jioni ilimrudisha mume na mahitaji ya nyumbani. Saa zote za katikati, kiti cha abiria kilikuwa cha mama mkwe.

Hapo ndipo wengi walipokuwa wakishangaa. Walitegemea wawili hao wasipikike chungu kimoja, lakini tangu mama mkwe afiwe na mumewe na kuhamia kwao, walikuwa kama kidole na pete. Mama mkwe hakupenda kukaa nyumbani. "Nikibaki peke yangu naanza kuongea na masufuria," alisema, "na siku yakinijibu mtanipeleka hospitali." Kwa hiyo alipanda pikapu. Alikuwa mama wa mwili, mwenye goti la kulia lililokuwa na maamuzi yake, na mkoba mkubwa mweusi alimotunza futi ya kupimia. Mama Vioo akipima dirisha, yeye alishika ncha ya pili. Mteja akianza kulalamikia bei, Mama Vioo alijifanya anahesabu skrubu, na mama mkwe akachukua usukani wa mazungumzo.

Mwaka ule watu walianza kujenga kwenye kilima nyuma ya soko. Nyumba ziliota haraka, na kila nyumba ilitaka madirisha. Kwa fundi wa vioo hiyo ilikuwa neema tupu, isipokuwa barabara. Malori ya mchanga yalikuwa yameichimba pande zote mbili na kuacha tuta la udongo mgumu katikati, refu kama mgongo wa ng'ombe.

Asubuhi moja walikuwa wakipeleka vioo vya fundi cherehani mmoja aliyekuwa anahamia kwake kwa mara ya kwanza. Walipofika kwenye mpando, chini ya gari kulisikika mlio kama sufuria linaburuzwa sakafuni. Pikapu ikakaa juu ya tuta, tairi za nyuma zikizunguka bure.

"Tumefika?" mama mkwe aliuliza.

"Gari limefika, mama. Sisi bado."

Hakuna kioo kilichovunjika, lakini vyote vilipanda kilima mikononi, kimoja kimoja, Mama Vioo upande huu na mwashi wa jirani upande ule. Mama mkwe aliketi juu ya tofali akiwaelekeza wapita njia wapite mbali. Walipoisukuma pikapu ikarudi chini, ekzosi ilikuwa imebonyea na mabega ya Mama Vioo yalikuwa yanawaka moto. Kabla ya kuondoka aliomba futi, akarudi kwenye tuta na kulipima pale palipokuwa juu zaidi. Alikuwa amekata kauli: gari linainuliwa.

Aliyefurahi kuliko wote ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza simu aliyependa magari kuliko alivyopenda kula. Jumamosi ya wiki hiyo alikuja na pikapu ya rafiki yake ili familia ione mfano. Ilikuwa imeinuliwa ikaachana kabisa na ardhi, ina tairi za kutisha, na ilipoingia uani kuku walitawanyika.

"Shemeji, hivi ndivyo tunavyotaka," alisema akizunguka gari kama bwana harusi. "Hilo tuta utalipita hujui kama lipo."

Mama Vioo alikiri moyoni kwamba ilikuwa inavutia. Alijiona juu kule, kiwiko dirishani, akiwatazama madereva wa malori macho kwa macho. Kisha mama mkwe akasema naye anataka kujaribu.

Aliweka mguu wa kushoto, akashika mlango, goti la kulia likagoma. Shemeji akaleta kreti la soda. Akapanda kreti, akavuta pumzi, mkwe akisukuma, mwanawe akivuta, na hatimaye mama akaingia akiwa amelala kifudifudi juu ya kiti. Kukaa alikaa. Kushuka kulikuwa kitimtim kingine: alishuka kinyumenyume, mwanawe chini akipokea kwa mikono miwili na kuomba Mungu kwa sauti. Walicheka wote mpaka mbavu zikawauma, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Walipomaliza kucheka alifungua mkoba, akatoa futi, akaiweka juu ya meza.

"Basi inueni tu," alisema. "Kazi ni kazi. Mtakuwa mnaniletea habari."

Alisema kwa uso mkunjufu na akaenda jikoni kuangalia chai ambayo haikuwa jikoni. Mama Vioo akabaki anaitazama ile futi. Ile pikapu ndefu uani ikamtoka moyoni saa ile ile.

Jumatatu asubuhi, baada ya kumshusha mumewe, alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Akamrudishia futi mkononi.

"Hii mimi sina mkoba wa kuiweka. Panda, mama, tunaenda gereji."

"Gereji mimi nitafanya nini?"

"Kazi yako ya kila siku. Kubishana."

Gereji waliyoenda ilikuwa ya mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Fundi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilojibu kila mteja aliyemharakisha. Shemeji alikuwa ameshatangulia, na alikuwa ameshamweleza fundi kila kitu kuhusu tairi kubwa.

Fundi alichukua tochi. Aliingia chini ya pikapu, akakaa huko muda, akatoka na swali. "Inabeba nini kila siku?"

"Vioo," Mama Vioo akasema, "na mama."

"Mama ana uzito gani?"

"Andika vioo vingi," mama mkwe alijibu.

Fundi alicheka hadi akakohoa, kisha akawaita wainame watazame nyuma. Springi, yale majani ya chuma yaliyolaliana juu ya ekseli, zilikuwa zimenyooka kabisa badala ya kupinda kama upinde. "Hizi zimechoka," alisema. "Mizigo imezikalia miaka. Nusu ya kimo unachokitafuta, gari hili lilikuwa nacho lilipotoka kiwandani. Tukirudishe hicho kwanza, halafu tuzungumzie cha kuongeza."

Akawaeleza njia zilizokuwepo. Ya bei ya chini kabisa ilikuwa kuweka pingili ndefu, vile vyuma vya kuunganishia, pale springi zinaponing'inia. Gari lingepanda siku hiyo hiyo, lakini lingeyumba kwenye kona kama limelewa. Njia ya shemeji ilihitaji kubadilisha karibu kila kitu, kwa pesa ambayo Mama Vioo angeweza kununulia shehena nzima ya vioo. Ya tatu ilikuwa katikati: kuzipinda upya springi za nyuma na kuziongezea jani moja, mbele kuweka vipande vya chuma vya kunyanyua, si vya kuchomelea bali vilivyotengenezwa kwa gari hilo, na kufunga shokapu mpya za kupunguza mtikisiko, zenye urefu wa kutosha. Mwisho kupiga alaimenti ili tairi zisiliwe upande.

"Itakuwa ngumu?" Mama Vioo aliuliza. "Mzigo wangu haupendi kugongwa."

"Hilo tutalijua barabarani. Kwanza niambie unataka ipande kiasi gani."

Mama Vioo alimtazama mama mkwe, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi ameshika mkoba wake kama mtu anayesubiri basi. Ndipo wazo likamjia.

"Fundi, unaweza kuinyanyua kidogo kidogo kwa jeki? Nataka goti la mama liamue."

Shemeji alishika kichwa. Fundi Taratibu yeye aliona ni jambo la akili kabisa. Akaleta jeki na vigoda vya chuma vya kuegemeza gari, akainyanyua kidogo, akaiegemeza vizuri, akamwita mama. Hakumruhusu apande, ila kuinua mguu tu na kuuweka kwenye kizingiti cha mlango. Mama mkwe akainua mguu.

"Bado tunaelewana," alisema.

Ikapanda tena. Akainua tena. Mafundi wa upande wa pili waliacha kazi zao wakaja kutazama. Kila mguu ulipofika walipiga makofi, na mama akaanza kuwapungia kwa mkoba. Mwishowe akasimama, mguu umeishia hewani.

"Hapo. Hapo limeanza kunitukana."

Fundi akashusha kidogo, akachora chaki kwenye nguzo. Mama Vioo akafungua futi, akapima kutoka ardhini hadi tumboni mwa gari, akalinganisha na kipimo cha lile tuta. Akapima mara ya pili asiamini. Gari lilikuwa limepungukiwa upana wa vidole viwili.

Mama mkwe alikuwa wa kwanza kusema. "Vidole viwili si kitu. Ongeza, fundi. Mimi nitazoea."

"Huzoei kitu, mama," Mama Vioo akasema. "Kama hupandi, halipandi."

Aliyewaokoa ni shemeji, ambaye muda wote alikuwa amenuna kwa ajili ya tairi zake. Alikuwa amechuchumaa karibu na mlango. "Lile tuta liko katikati, siyo?" aliuliza. "Pembeni hakuna kitu. Si fundi aongeze hivyo vidole viwili na kidogo zaidi, halafu tuninginize kikanyagio hapa chini ya mlango wa mama, na mshikio ndani wa kujivutia? Ile pikapu ya rafiki yangu ilikuja na bomba la pembeni, alilitoa, liko kwake linaota kutu."

Fundi Taratibu alimtazama kijana, akatazama mlango, akatikisa kichwa kukubali. "Leo umesema," alimwambia. Shemeji akatabasamu mpaka masikioni, na habari za tairi hazikusikika tena.

Kazi ilichukua muda wake, maana fundi hakuharakishwa. Ilipokamilika Mama Vioo alisimamisha kipande cha kioo cha zamani kwenye rafu, bila kukifunga, akazunguka na fundi kwenye barabara yenye matuta. Tuta la kwanza, kioo kikalia kama meno ya mtu mwenye homa. La pili, kikapasuka.

"Jani nililoongeza ni nene mno," fundi alisema bila kujitetea. "Linasubiri mzigo wa saruji." Wakarudi, akalitoa, akaweka jembamba. Waliporudia njia ile ile, Mama Vioo aliendesha huku ametega sikio nyuma. Kioo kilipumua tu, kikatulia. Akasimamisha gari pembeni akacheka peke yake, na fundi akamwacha acheke mpaka atosheke.

Siku iliyofuata walikwenda kilimani na mzigo mzito kuliko wa kwanza. Mama mkwe alikanyaga bomba, akashika mshikio, akajivuta, akaketi, akaweka mkoba mapajani na kutengeneza kanga yake kama mtu ambaye hajafanya lolote la ajabu.

"Twende, watu wanangoja," alisema.

Kwenye mpando Mama Vioo aliingiza gia ndogo. Wote wawili walitega masikio chini. Nyasi zilizoota juu ya tuta zilipapasa tumbo la gari, shwaaa, basi. Wakatokea juu. Mama mkwe akateremsha kioo cha mlango na kumsalimia mwashi waliyemjua, kwa sauti ya kusikika nyumba zote.

Kufikia mchana walikuwa wamefunga madirisha ya nyumba moja na kupimia nyumba ya jirani, na mama alikuwa anabishana na mwenye nyumba wa tatu kuhusu kioo cha bafuni. Mwenye nyumba alitaka kisichoonyesha ndani. Mama alitaka alipe nusu kwanza. Walielewana vizuri wote wawili, na Mama Vioo akaongezewa kazi ya wiki nzima.

Jioni walimpitia mume hospitali. Alitoka akinukia vitunguu, akakaribia gari, akasimama.

"Mbona mke wangu amekuwa mrefu?"

"Panda, baba, tuna njaa," mama yake alimwambia, akasogea katikati kumpisha, na wote watatu wakabanana kwenye kile kiti wakirudi nyumbani, mama akisimulia, mwanawe akiuliza, na Mama Vioo akiendesha taratibu kwa sababu hadithi ilikuwa bado ndefu.