Chumba cha Walimu Kilichojaa Mbegu za Pamba

Nilipohamia kata hii ya Usukumani, upande wa Nkololo, niliambiwa kuna kituo cha walimu. Nilifurahi sana. Katika shule niliyoanzia kazi, mwalimu wa Kiingereza alijitegemea: kitabu chako, chaki yako na aibu yako. Hapa wananchi walikuwa wamefyatua matofali wenyewe, wakajenga chumba cha kuweka vitabu na meza, walimu wa shule zote wakae pamoja wapange masomo.

Nilikuta kufuli. Nikachungulia dirishani: magunia ya mbegu za pamba yamepangwa karibu kufika kwenye kenchi, na mabomba ya kunyunyizia dawa yametundikwa ukutani, yameifunika ramani ya Tanzania.

Nikaenda kwa mtendaji wa kata, mtu wa mizaha, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Tukasalimiana kwa Kisukuma, akaniita mayu, yaani mama.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mayu. Karibu, mwalimu wetu mpya."

Nikamwambia nimefuata ufunguo wa kituo cha walimu. Akacheka. "Mayu, pamba ina msimu. Kiingereza hakina msimu. Subirini kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ghala likamilike."

"Ghala linajengwa wapi?"

Akainamia karatasi zake mezani. Ndipo nikajisikia nikisema, "Basi tutakutana barazani pa hicho chumba, kila Alhamisi baada ya vipindi."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Sikuwa hata na mwenzangu mmoja.

Alhamisi ya kwanza tulikuwa wawili, mimi na mwalimu mmoja mzee wa shule jirani, aliyekuja na viti viwili amevifunga nyuma ya baiskeli. Baada ya wiki kadhaa tukafika saba. Mmoja alifundisha, wengine tukajifanya darasa la tatu, kisha tukamsema bila huruma: umeongea peke yako mno, hukumuuliza aliyekaa nyuma, neno hilo umelitamka vibaya. Maboksi ya dukani tuliyakata tukaandika maneno. Kishikwambi changu nilikichaji kwenye sola ya mwenye duka, tukakitumia kusikiliza matamshi.

Yule mzee alikuja kila wiki, lakini zamu yake ya kufundisha ilipofika alikuwa na kikohozi, au kasahau miwani. Siku moja nikambana. Nikampa kifungu cha mistari minane asome kwa sauti.

Alisoma kama mtu anayevuka mto asioujua kina. Alipofika kwenye neno "enough" akalitamka kama lilivyoandikwa, herufi zote. Kijana mmoja akacheka. Mzee akakifunga kitabu.

"Nimefundisha Kiingereza miaka ishirini na mbili," alisema, "na sikijui. Hadithi za kitabuni huwa naziruka. Nawaambia watoto wanakili, mimi nasahihisha mwandiko."

Akaendelea, safari hii sauti imepanda: "Semina nazisikia tu. Anakwenda mwalimu mkuu, anarudi na begi la semina. Begi nimeliona. Kilichokuwa ndani yake hajawahi kuniambia."

Hasira zilinipanda, na si kwake. Mtu huyu alikuwa amekaa darasani miaka yote hiyo, amekaguliwa, amesainiwa maandalio yake, na hakuna aliyewahi kukaa naye dakika kumi kumsikiliza akisoma. Nikawaeleza na la kwangu: tangu nitoke chuoni sijawahi kuongea Kiingereza bila kuandika kwanza nitakachosema. Kijana aliyecheka akasema naye hujificha kwenye sarufi, kwa sababu sarufi haiulizi swali. Mzee akakifungua kitabu tena. Tukaanza mstari wa kwanza.

Haikuchukua muda afisa elimu kata akatufikia, mwanamke mkali, na kofia ya pikipiki akiwa bado ameivaa.

"Nani kawaruhusu kufanya semina?"

"Si semina, dada. Tunasoma."

"Mnasoma kwa kibali cha nani?"

Nikamwambia sikujua kusoma kunahitaji kibali. Akaniagiza nilete barua ya kujieleza Jumatatu. Alhamisi iliyofuata wawili hawakuja, na siwalaumu, wana watoto.

Barua tuliiandika kwa Kiingereza. Wengine waliona ni kiburi. Kilikuwa kiburi, sikatai. Kila aliyebaki aliandika aya yake, na Jumatatu tukaenda wote watano. Kabla sijaitoa kwenye bahasha, mzee akasema, "Naomba niisome mwenyewe."

Alisoma amesimama, polepole, kidole kikifuata mstari. Alikwama mara mbili. Hakuruka neno. Jasho lilimtoka usoni kama mtu anayelima. Afisa alisikiliza na kalamu mkononi, kisha akasema, "Aya ya tatu mmekosea wakati wa kitenzi."

"Tutasahihisha," nikamjibu. "Tukipata chumba."

Aliiweka barua kwenye faili. Hajaijibu mpaka leo, ila onyo nalo halikuja.

Novemba mvua zikashika, mikokoteni ya ng'ombe ikaja kubeba mbegu. Hakuna aliyetuita. Tuliona mlango uko wazi, tukaingia na mafagio. Chini kabisa, yalipokuwa magunia, tukakuta maboksi manne ya vitabu vya Kiingereza, kamba zake hazijafunguliwa. Boksi moja mchwa walikuwa wamelimaliza. Matatu yalinuka dawa ya pamba. Nililia, na ilikuwa hasira tupu, kwa maana wiki hiyohiyo wanafunzi wangu tisa walikuwa wakigombania nakala moja isiyo na jalada. Vitabu tukavianika siku mbili. Kisha nikatoa kufuli la sanduku langu la chuma la chuoni, nikalifunga pale mlangoni.

Januari mtendaji akaja na maboksi ya dawa juu ya mkokoteni. Ilikuwa Alhamisi, tumo ndani tisa, hata wale wawili wamerudi. Mzee alikuwa ubaoni.

"Tupisheni, mayu. Tunaingiza dawa."

"Chumba kina watu, baba."

"Mvua inakuja. Dawa italowa."

"Ofisi yako ina paa."

Kwa mara ya kwanza hakucheka. Alituangalia mmoja mmoja. Nilikuwa nimesimama kizingitini, sikusogea. Nyuma yangu mzee hakuacha kufundisha. Alikuwa anauliza swali kwa Kiingereza, na walimu wazima walikuwa wananyoosha mikono. Mtendaji aliitazama mikono ile. Kisha akamwambia mwenye ng'ombe ageuze.

Baadaye nilisikia nitahamishwa kwa utovu wa nidhamu. Barua ya uhamisho sijaiona. Nimewaambia wenzangu ikija wasinililie, waendelee, vitabu viko kabatini na orodha ya zamu za kufundisha iko ukutani.

Wiki iliyopita tulibishana saa nzima namna ya kufundisha hadithi kwa watoto ambao nyumbani wanaongea Kisukuma tu. Mzee anasema waanze kuisimulia kwa Kisukuma, kisha ndipo waingie kwenye Kiingereza. Mimi nilikataa, nikihofia wakianza hivyo hawatafika kwenye Kiingereza. Nilirudi nyumbani nimenuna, na njia nzima nilikuwa nikipanga cha kumjibu Alhamisi inayofuata.