Siku Niliyomvunja Baba Mkwe Mtulinga

Jamani, mkipita Tunduma mkasikia mtu mzima anaitwa "mkwe, mpira upo?" halafu waliokaa pembeni wanashikana mabega kwa kicheko, mjue huyo ndiye mimi, niliyekwenda kuposa nikamvunja baba wa binti mfupa, mchana kweupe, mbele ya ukoo wake, nikiwa nimevaa suti. Aibu ile sijaimaliza mpaka leo. Naisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wakisimulia wanaongeza kwamba mzee alizimia, na hakuzimia, alifumba macho tu (afadhali angezimia, asingeniona).

Miaka hiyo Songwe haijawa mkoa, wote tulikuwa Mbeya bado, nami nilikuwa napeleka makaratasi ya malori kwa wakala mmoja wa forodha pale mpakani. Foleni ikigoma kusogea mimi sina kazi, basi navuka zangu Nakonde kwa binamu yangu Chanda, mwenye baa yenye dishi, na kwenye dishi hilo ndiko nilikoukuta mpira wa Wamarekani, ule wa kuvaa helmeti na mabega ya bandia. Mwanzoni sikuelewa kitu, niliona watu wanainama, wanagongana, wanainama tena. Chanda akanielekeza. "Iwe, wewe, mwangalie huyu anayetupa mpira. Huyu ndiye mwenye timu. Wale wengine wote wanamtafuta yeye."

Nikamwangalia, na tangu hapo nikanasa. Mtupaji anasimama nyuma ya wenzake anatafuta wa kumrushia, na majitu mazito kama magunia ya saruji yanamjia mbio, akichelewa kidogo tu wanamlaza. Siku moja nikaona mtupaji ameshaachia mpira, amesimama mikono mitupu anautazama unavyokwenda, jitu likaja likamzoa kwa bega, kichwa kikapiga chini, na hakuamka. Mwamuzi akarusha kitambaa cha njano, na Chanda akaniambia hiyo ndiyo sheria yao, mtupaji akishaachia mpira haguswi, kwa sababu hapo hana cha kujikinga nacho na akili yake yote iko mbali. Nilishtuka kweli. Ila msinione mtu mwema, kesho yake nilirudi pale kutazama watu wanavyozolewa, si kutazama sheria.

Basi siku moja kwenye salaula (ndivyo ndugu zetu wa Zambia wanavyoita mitumba) nikaokota mpira wenyewe, ule wa umbo la yai, nikaununua, nikawa natembea nao Tunduma nzima kama mtu aliyetoka Marekani jana.

Sasa, nilikuwa na mchumba, Tabitha, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Ruanda kule Mbozi, kwenye kahawa. Siku ya kupeleka barua ya posa ikafika, tukapanda pikapu ya kukodi, mimi, vijana wenzangu wawili na mjomba wangu Siame, ambaye ndiye alikuwa mshenga. Wakati natoka nyumbani nikauona ule mpira juu ya kabati. Nikasema niuchukue tu, mashemeji watafurahi. Mjomba aliuona akaniuliza, "Ombeni, hilo yai la nini? Tunakwenda kuposa au tunakwenda michezoni?" Nikamjibu hautatoka kwenye begi.

Tulipokelewa vizuri. Wali ukaliwa, kuku akaliwa, na wazee wakajifungia sebuleni na mjomba kuzungumza, sisi vijana tukaachwa uani na mashemeji bila la kusema. Kimya kilipozidi, nikafungua begi. Hapo ndipo nilipojimaliza. Baada ya muda mfupi ua mzima ulikuwa umejaa watu, nami nimevua koti, nasimamia mafunzo, tena nasimamia kwa madaha, nawaambia huku ni mpira wa kistaarabu na wenye sheria, mtupaji akishaachia mpira hakuna kumgusa, narudia, hakuna kumgusa, ukimgusa wewe si mchezaji, wewe ni mhuni. Niliisema mara nyingi mpaka shemeji Ezekia akasema, "Tumeelewa, shemeji, tucheze."

Kelele zikamtoa mzee ndani. Mzee Nzowa, baba yake Tabitha, mtu mfupi mwenye kifua, alikuwa amewaacha wenzake wanashauriana. Akaomba mpira. Kumbe mtu huyo maisha yake yote amekuwa akirusha mawe kufukuza nyani kwenye mahindi! Alirusha lile yai likapita juu ya ua, likapita juu ya banda la ng'ombe, Ezekia akalidakia kwenye migomba. Ua ukalipuka kwa vigelegele. Mzee akanogewa, akasema yeye ndiye mtupaji, na mimi nije nimkamate kama naweza.

Nikamjia, akarusha kabla sijafika. Nikamjia tena, akarusha tena, halafu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mkwe, hizo mbio au unasindikiza bata?" Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nikacheka, ila kicheko changu kilikuwa cha mdomoni. Nilimwona Tabitha kwenye mlango wa jiko amefunika uso kwa kanga anacheka na yeye, na masikio yakaniwaka moto.

Mara ya tatu nilitoka kwa nguvu zote. Mzee akainua mkono, akarusha. Niliuona mpira ukitoka, ulipita juu ya kichwa changu, niliuona vizuri kama ninavyowaona nyinyi, na yeye akawa amesimama mikono mitupu, shingo juu, anatabasamu kuutazama unavyokwenda, na mimi nikaingia na bega.

Ulitoka mlio mkavu. Mzee akaenda chini na mimi juu yake na tai yangu usoni kwake. Vigelegele vilikatika vyote. Kuku tu ndio waliokuwa wanaendelea na mambo yao. Mzee alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umelala vibaya, na mimi nikawa nasema tu, "Nimeteleza! Jamani nimeteleza! Maganda ya kahawa haya!"

Mjomba Siame akatoka sebuleni, akatazama chini, akavua kofia kana kwamba amefika msibani. Baba mdogo wa Tabitha akauliza taratibu kabisa, "Huyu alikuja kuoa au alikuja kuua?"

Na haikuishia hapo. Mama mkwe akaja mbio, na mimi kwa kuchanganyikiwa nikamshika mikono yote miwili nikimwomba msamaha. Kwa wazee wa kule mkwe na mama mkwe hawagusani, hata njiani mnapishana mbali, sasa mimi nimeshampiga mume, namalizia kwa kumkumbatia mke! Mama yule alipiga kelele kubwa kuliko alizopiga kwa ajili ya mfupa. Halafu dereva wetu akakutwa ameshalewa pombe ya wenyeji, mwingine anayejua kuendesha ni mimi peke yangu, na mzee hawezi kukaa bila kushikiliwa na mkewe. Hivyo tukaenda hospitali tumebanana mbele watatu, mama mkwe katikati amejifunika kanga kichwa kizima asinione, na kila nikibadilisha gia kiwiko changu kinamgusa na yeye anasema, "Yesu wangu." Nilitamani barabara inimeze.

Muuguzi akauliza mzee amegongwa na nini, pikipiki? Mzee, macho bado ameyafumba, akajibu, "Na mkwe."

Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Walipomfunga mkono, akaniita peke yangu. "Huko kwao wenye mchezo huu," akaniuliza, "anayefanya ulivyofanya wanamfanyaje?"

Nikamjibu kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza kwamba timu yake inarudishwa nyuma, na wale waliokosewa wanaanza upya.

"Basi rudini nyuma," akasema. "Barua yenu chukueni. Siku mkono huu utakapopanda juu ya kichwa changu, nitamwambia mshenga wako alete nyingine."

Nikaanza kuishi kwa mkono wa mzee. Mjomba Siame alikwenda, akarudi, "Bado." Akaenda tena baada ya mavuno, "Bado, anasema unafika sikioni." Tunduma yote ilikuwa inajua mkono umefika wapi, hata wabadilisha fedha walikuwa wananiuliza. Wenzangu wawili wakaoa. Nikaanza kuota mtulinga.

Siku moja nikapita Ruanda na lori la mteja bila kuaga mtu. Nikamkuta Mzee Nzowa barabarani anapakia kahawa. Alinyanyua gunia, akalirusha juu ya tela kwa mkono uleule, akafuata lingine. Nikashuka, nikaenda moja kwa moja shuleni kumtafuta Tabitha, nimejaa hasira kwamba nimechezewa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mkono wa baba ulipona zamani. Mimi ndiye niliyemwomba aseme bado."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Nilikuwa nakutazama, Ombeni. Mpira ulikuwa umeshatoka. Ulikuwa na nafasi ya kusimama."

"Niliteleza."

"Hukuteleza. Baba alikutania mbele za watu, ukamfanya vile, na ulikuwa umetufundisha mwenyewe kwamba haguswi. Mimi nitakaa na wewe ndani, mlango umefungwa, hakuna mwamuzi. Siku nikikutania mimi je?"

Jamani! Muda wote ule nilikuwa nangoja mfupa upone, kumbe mtoto wa watu alikuwa ananiogopa, na alikuwa na haki ya kuniogopa. Zile hasira nilizokuja nazo zikanitoka zote, nikaona aibu ya uani ilikuwa mchezo tu, hii ndiyo aibu. Nilitaka kusema maganda ya kahawa tena.

"Sikuteleza," nikamwambia. "Nilimwona ameachia. Nilikasirika."

Alirudi darasani akamalizia kipindi, nami nikamsubiri nje kwenye jua kama mwanafunzi mchelewaji. Alipotoka alisema nimwambie mjomba aandike barua nyingine.

Tulioana. Yai lile nilimpa Chanda, na nikaapa sitacheza tena mchezo wa kugongana, uwe wa kweli au wa kuigiza harusini. Na nyumbani kwangu, hasira zikinipanda, naweka mikono mfukoni natoka nje, nazunguka nyumba mpaka zishuke. Watoto wananicheka, wanasema baba ameanza matembezi yake. Mama yao hacheki. Ananingoja nirudi, tumalize maneno yetu kwa mdomo.