Siku ya Povu Hailiwi Andazi

Asubuhi ya siku ya povu, nyumbani kwa Yan Biqin hapaliwi kitu cha kukaanga. Kuna uji wa mchele, figili za chumvi na chai. Biqin anakunywa uji wake akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye shimo la saruji nyuma ya nyumba, ambako majani ya nili, mmea wa kutoa rangi ya buluu, yamelowekwa tangu juzi.

Kabla mumewe hajashika kazi, Biqin anamnyooshea kiganja. Juu yake kuna kidonge kimoja.

"Meza nikuone."

"Nimeoa askari jela," anasema Ke Wenshun. Anameza, kisha anafungua kinywa akaguliwe mpaka chini ya ulimi.

Biqin ana miaka hamsini na minne, na amekuwa akiengua povu la nili katika kijiji hiki cha milima ya Xianyou, mkoani Fujian, tangu alipoolewa. Kila vuli hukata mimea, huiloweka hadi majani yaoze, hutoa mashina, hutia chokaa, kisha hupiga maji kwa makasia ya mbao mpaka povu lipande. Kinachotuama chini huuzwa kwa watia rangi nguo. Povu likikauka huwa unga wa buluu, nao huenda kwa waganga wa dawa za asili. Msimu mzima humwachia yuan elfu kumi na nane hivi.

Miaka sita iliyopita Wenshun alianza kuchoka bila sababu na kuamka shuka limelowa jasho. Hospitalini Fuzhou aliambiwa ana saratani sugu ya damu, ile inayokwenda polepole. Alipewa kidonge cha kila siku, na damu yake ikatulia.

"Sasa huyu akasikia kuna wataalamu wanachunguza kitu kilichomo kwenye povu letu, kwa ugonjwa wake huohuo," Biqin anasimulia. "Akaacha vidonge. Akawa analamba unga kwa kijiko, kwa siri. Midomo ya buluu, na mimi nadhani ni kazi."

"Nilijiuliza, nihangaikie vidonge vya nini na shimo ninalo?" anasema Wenshun.

Tumbo lilimsokota vibaya na vipimo vya damu vikaharibika. Aliporudia kidonge, hali ikatengemaa. Tangu hapo hukimeza mbele ya mkewe.

Daktari Gao Peiyun, mmoja wa wataalamu hao, alimweleza waziwazi. "Mjomba, humo kwenye povu kuna kitu kimoja tunachokitaka na vingi tusivyovitaka. Tunakitenga, tunakijaribu kwenye chembe za damu huku maabara. Huenda kikafaa, huenda kisifae. Wewe meza kidonge chako."

Mwaka jana daktari huyo aliagiza povu kwa Biqin, likakataliwa. Lilikuwa na chokaa nyingi mno. Mwaka huu ameagiza tena, lakini amesema likikataliwa na hili, atatafuta kijiji kingine.

"Sidai limponye mume wangu," anasema Biqin. "Ila wakijaribu, wajaribu kitu kizuri. Wasije wakasema nili haifai, kumbe asiyefaa ni mimi."

Leo chokaa ameichekecha mwenyewe. Wenshun anapiga maji upande mmoja, jirani yao Acai upande wa pili. Maji yanatoka kwenye kijani, yanaingia buluu, na povu linapanda zito, lina mng'ao wa zambarau.

Kisha linatoboka upande wa Wenshun. Matundu yanaenea, na povu lote linanywea.

Biqin anazunguka shimo. Anashika mkono wa mumewe, ananusa vidole.

"Andazi," anasema.

Mafuta huua povu. Huku hata mtoto analijua hilo.

"Nusu tu," anasema Wenshun. "Kanipa Acai."

"Shemeji, mimi nilimwonyesha," anasema Acai. "Kula kala mwenyewe."

"Nakagua chini ya ulimi," anasema Biqin, "kumbe ningekagua mifuko."

Limebaki shimo dogo la pembeni, lenye majani ya mwisho ya msimu. Wenshun anasugua mikono kwa majivu na maji ya moto hadi viwikoni, lakini kasia hapewi. Anakalishwa kwenye kigoda. Biqin analishika mwenyewe na kupiga maji, Acai akimfuatisha, mpaka mabega yanatetemeka.

Povu linapanda. Halitoboki.

Biqin anachukua kata ya mwanzi na kuanza kuliengua taratibu, akilimwaga juu ya kitambaa cheupe.

"Naruhusiwa kusogea nilione?" anauliza Wenshun.

"Sogea. Mikono mgongoni."

Likishakauka, Biqin hatalituma kwa mtu. Mwezi ujao Wenshun anakwenda Fuzhou kupimwa damu, na Biqin ataongozana naye, kifurushi cha povu mapajani.

"Yeye atoe damu, mimi nitoe povu," anasema. "Wenyewe watavikutanisha huko."

Wenshun ana swali moja kuhusu safari hiyo: pale stendi, bado wanauza maandazi?

"Ukishatoka kwa daktari, na kifurushi kikiwa kimeshapokelewa," anasema Biqin, bila kuinua macho kutoka kwenye povu lake, "nitakununulia mawili."